Neno Ambalo Sikuliandika

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo, na umri wangu huu, chai hunipoea mkononi. Ni siku niliyomsikia mtu msomi, aliyenifundisha mimi namna ya kuuliza na kusikiliza, akiwaita wavamizi watu waliozaliwa palepale alipokuwa amesimama. Tena akasema utafiti wangu ndio uliothibitisha. Nakusimulia kwa sababu nawe unakwenda kusomea shahada ya uzamili, na nimesikia umeanza kusema kwamba msimamizi akitaka hiki kibadilishwe utakibadilisha, ili umalize upesi. Kaa kwanza unisikilize.

Wakati ule nilikuwa mwalimu wa sekondari hapa Tanga. Nchi ilikuwa imetoka kwenye miaka mibaya, miaka ya foleni za sukari na ya kufua nguo kwa majani ya mpapai kwa kukosa sabuni. Kisha biashara zikafunguliwa, maduka ya mtaa wetu wa Ngamiani yakajaa vitu, na kila mtu akawa anahangaika kuvipata. Hata wahadhiri. Mshahara wa chuo ulikuwa haumfikishi mtu popote, kwa hiyo wengi walitafuta kazi za ushauri nje, na sisi tuliokuja kuwa wanafunzi wao tukawa tunawavizia koridoni. Siwalaumu kwa dhiki yao. Ninachokilaumu kinakuja.

Nilipata ruhusa ya kwenda chuo kikuu kusomea uzamili, nikamwacha binti yangu, hata shule hajaanza, kwa mama yangu Ngamiani. Baba yake alikwisha kwenda zake, hiyo ni habari nyingine. Utafiti wangu niliamua kuufanya kwenye kambi moja ya mkonge upande wa Muheza. Kiwanda kilikuwa kimesimama. Korona, ile mashine ya kukamulia majani ya mkonge, ilikuwa inaliwa na kutu, ngedere wanacheza juu yake. Mameneja walikuwa wameondoka. Watu hawakuondoka, na wangekwenda wapi? Wazee wao waliletwa kutoka Songea, Njombe na Kigoma enzi za mkoloni kuja kukata mkonge, wakazaa pale, wakazikana pale. Mishahara ilipokatika, meneja wa mwisho aliwaambia walime yale mashamba yaliyoota magugu. Wakalima. Wakapanda mihogo, mahindi na michungwa. Swali langu lilikuwa hilo tu: watu hawa waliishije baada ya kazi kwisha?

Nilikaa nyumbani kwa Mzee Kapinga, mkata mkonge wa zamani, na mkewe Mama Felista. Wao Wakatoliki, mimi Mwislamu. Nilifika mwezi wa Ramadhani, na Mama Felista akatenga sufuria moja, akaisugua mpaka ikang'aa, akaniambia hiyo ni yangu peke yangu nisije nikala kwa mashaka. Kila jioni nilikuta uji wa futari umekwisha iva, wala sikuwa nimeomba. Walinieleza kila kitu: nani kazikwa wapi, mchungwa upi ulipandwa na nani, nani alilaza watoto na maji matupu mwaka ule wa ukame. Mtu hakupi habari za njaa yake hivihivi, mwanangu. Anakupa kwa sababu amekuamini.

Msimamizi wangu nitamwita Dakta, basi, yanatosha. Alikuwa mtu wa maneno laini, na akisimama kufundisha ungependa asimalize. Alizisoma sura zangu za mwanzo akazisifu. Kisha akaniita ofisini, akafunga mlango, akaweka kidole juu ya sura ya nne, ile niliyoeleza jinsi watu walivyoambiwa walime.

"Hii iondoe," akasema. "Na kila unaposema wakazi, andika wavamizi."

"Dakta, hawakuvamia. Waliambiwa walime."

"Una karatasi inayosema hivyo?"

"Nina watu walioambiwa."

Akatabasamu. "Zainabu, una mtoto mdogo. Maliza haya mambo urudi kwa mwanao. Neno moja linakupunguzia nini?"

Nilimwambia nitarudi kambini nikahakiki, nikatoka. Njia nzima nilikuwa najiuliza kwa nini neno lile limemshughulisha hivyo. Jibu nililikuta kambini. Shamba lile lilikuwa mbioni kuuzwa kwa mwekezaji, na mtu aliyeajiriwa kumshauri mnunuzi ni Dakta mwenyewe. Kazi hiyo aliipata huku mimi nikiwa nalala kwa Mama Felista nikimkusanyia habari bila kujua.

Mkutano ulikuwa umeitishwa kwenye uwanja uliokuwa wa kuanikia mkonge. Mbele vimewekwa viti: ofisa wa wilaya, mjumbe wa mwekezaji na koti lake katika joto lile, na Dakta. Hakuniona. Nilikuwa nimeketi mkekani na akina mama.

Ofisa alipomkaribisha, Dakta alisimama akazungumza vizuri sana, kama kawaida yake. Nchi inahitaji mitaji. Ajira zitarudi. Tatizo moja tu, shamba limekuwa pori, na waliomo ndani ni wavamizi waliojipenyeza kiwanda kilipofungwa.

"Haya siyasemi mimi," akasema. "Ni utafiti wa chuo. Mwanafunzi wangu ameishi humuhumu, na hayo ndiyo aliyoyakuta."

Mama Felista, aliyekuwa ubavuni mwangu, aligeuka akanitazama. Hakunitazama kwa hasira, na afadhali ingekuwa hasira. Akaniuliza polepole, "Mwalimu, sisi ulituandika hivyo?"

Mwanangu, nimewahi kutukanwa, nimewahi kuachwa na mume. Hakuna lililonichoma kama swali lile. Nilisimama.

"Shikamooni wazee," nikasema. "Mwanafunzi anayetajwa ni mimi. Maneno hayo si yangu. Niliyoyakuta ni kwamba watu hawa wamezaliwa hapa, na meneja ndiye aliyewaambia walime. Niliyaandika hivyo. Dakta ameyasoma, akanitaka niyafute."

"Zainabu, kaa chini," akasema Dakta. "Tutazungumza chuoni."

"Tuzungumze hapa, Dakta. Wanaosemwa ni hawa."

Dakta alianza kufuta miwani yake. Mjumbe wa mwekezaji akamnong'oneza ofisa, na ofisa akawa anaangalia gari lake. Hapo ndipo Mzee Kapinga aliposimama, akaweka kofia yake kifuani. "Mheshimiwa, kabla hujapanda gari, tukuombe utembee kidogo nasi mpaka makaburini." Watu wote walikuwa wamekwisha simama. Ofisa akatembea. Sijui kwa aibu au kwa woga, lakini alitembea, akasoma majina kwenye misalaba mmoja baada ya mwingine, na mkutano ukavunjika bila uamuzi.

Chuoni nilipokewa na habari kwamba Dakta hawezi kunisimamia tena kwa ajili ya utovu wangu wa nidhamu. Yeye aliyewasingizia watu ndiye aliyelalamikia nidhamu. Nilikusanya nguo zangu nikarudi Ngamiani. Mama alikuwa anachambua mchele. Alikuwa muuguzi wa zahanati miaka mingi, mtu asiyepandisha sauti.

"Umefukuzwa?" akaniuliza.

"Sijafukuzwa. Nimewaachia shahada yao."

"Kazi uliyoifanya ni yako au ni ya huyo bwana?"

"Yangu, mama."

"Sasa mbona yeye amebaki chuoni, wewe umerudi na begi?"

Nikaanza kulia. Hakunibembeleza. Aliendelea na mchele wake, kisha akasema, "Lia, lakini usinililie kama mtu aliyekosea. Yeye kesho ataingia darasani, atapewa shikamoo. Wewe uliyesema kweli ndiye utakayejificha chumbani kwangu? Umesimama kwa ajili ya haki ya wenzio, yako unaisusia. Mimi sikukulea ususe. Jumatatu urudi. Mtoto atakaa na mimi."

Nilirudi. Usidhani walinipokea kwa mikono miwili. Mkuu wa idara alinitaka nimwombe Dakta radhi, nikakataa. Nilikaa nje ya ofisi zao mpaka makarani wakanizoea wakawa wananipa kiti. Miaka ikapita hivyo, huku nikifundisha tena sekondari ili tule. Mwisho mhadhiri mmoja mwanamke, aliyerejea kutoka masomoni nje, alikubali kunisimamia. Alikuwa mkali kupindukia. Alinirudisha kambini kuhakiki upya, akakata kurasa nzima nilizozipenda. Huyo sikumchukia hata siku moja. Alitaka ushahidi. Yule wa kwanza alitaka uongo, na mwanafunzi lazima ajue kutofautisha hayo mawili.

Kambi nayo haikutoka salama. Mashamba ya bondeni walinyang'anywa, akapewa mwekezaji, mihogo ikiwa bado ardhini. Nyumba, makaburi na michungwa vilipimwa vikabaki mikononi mwao. Mama Felista aliililia mihogo ile mbele yangu. Dakta akapanda cheo mpaka akaitwa profesa, na alipostaafu walimsifu kwa uadilifu. Nilivaa joho langu mwaka ambao mama yangu alikuwa amekwisha kuzikwa. Yeye aliyenirudisha hakuniona nimelivaa. Watu huniambia, Bi Zainabu, hayo ya zamani, samehe. Nisamehe nini, na hajaniomba? Na kama angeomba, angeanza kwa wale wa kambini, si kwangu.

Basi nasaha yangu ni hii. Msimamizi mheshimu, mwamkie, mbebee hata vitabu vyake. Akikukosoa hoja, kubali; akikwambia rudi ukaulize tena, rudi. Lakini akitaka uandike usilolikuta, au ufute ulilolikuta, kataa siku hiyohiyo, mbele ya mashahidi ukiweza. Usiseme nitarekebisha nikishamaliza. Watakuwa wamekwisha kulitumia. Ukishaandika, rudi kwa waliokueleza uwasomee, wajue umewaita nani. Na ukidhulumiwa, usisuse. Kaa kwenye benchi lao mpaka wakuhudumie. Shahada si mali ya mtu mmoja aliyekalia kiti, na wanaoiacha kwa hasira huwaachia akina Dakta wawafundishe watoto wetu.

Nenda kasome, mwanangu. Mola akupe macho ya kuona na mkono usiopotosha. Akukutanishe na msimamizi mkali mwenye haki, akuondolee hofu ya wenye vyeo. Na siku ya mahafali yako, wale waliokuamini kwa habari zao wapate kuketi safu ya mbele, nawe uweze kuwatazama usoni. Amin.