Ng'ombe ya Kukodi Haishuki Lambwe

Kukodi ng'ombe moja ya kulima ya mashindano, wiki tatu, ni gunia mbili za mahindi na mbuzi jike. Hiyo ni bei ya Ntimaru, mwaka wa tisini na sita. Mnaniandikia kila siku mkitaka hesabu, basi hesabu ndiyo hiyo. Damaris Nyasuguta alilipa yote kabla hajashika kamba, hakubakisha hata debe. Na bado hajamaliza kulipa.

Damaris ni Mkisii wa Lambwe. Alishuka huko na bwanake Wesley wakitafuta shamba ya kukodi, kwa sababu kwao mashamba yamegawanywa mpaka ukinyoosha miguu kitandani unamkanyaga shemeji. Lambwe ardhi iko. Mbung'o pia iko, lakini ardhi iko. Walikuwa na jozi moja ya ng'ombe, na Damaris mwenyewe ndiye alishika plau. Wanaume wa huko wakasema mwanamke akishika plau mvua inakataa. Mvua ikanyesha, wakatafuta ingine ya kusema.

Halafu Wesley akauza ng'ombe moja ya ile jozi, akaenda kisiwa cha Remba kuingia biashara ya omena, wale dagaa wa ziwa. Moja! Ni kama kuuza kiatu ya kushoto. Damaris akabaki na ile ingine, Kahawa, peke yake. Na hata plau haikuwa yake, ilikuwa ya shemeji yake Nyabuto, ambaye alishatuma neno kwamba msimu ukiisha anaikujia. Maana yake Damaris arudi kwa jembe ya mkono, ekari tatu, mgongo mmoja.

Ndipo akasikia maonyesho ya wilaya Homa Bay yatakuwa na mashindano ya kulima na ng'ombe. Wa kwanza anapewa plau mpya. Wa pili, blanketi. Damaris hakuwa na haja na blanketi.

Akapanda mpaka Ntimaru kwa mzee Gisiri. Huyu ni Mkuria aliyekuwa akifanya biashara ya ng'ombe na marehemu baba ya Damaris soko ya Migori, na alikuwa na ng'ombe ya kulima inaitwa Chifu. Aliitwa hivyo kwa sababu hakuwa na haraka na hakupenda kuitwa mara mbili.

"Wiki tatu?" Gisiri akasema. "Mwanangu, unataka kumkodi ama unataka kumuoa?"

"Baba, lazima azoeane na yangu. Ukifunga nira moja ng'ombe mbili hazijuani, ni kama kuoa mtu kwa barua."

"Na hizo Jumamosi zote utalipa."

"Jumamosi hatafanya kazi, baba. Mimi ni Msabato."

"Wewe ndiye Msabato. Tumbo yake haijabatizwa."

Wakacheka, wakaelewana. Halafu mzee akaacha kucheka. "Kitu moja. Chifu amezaliwa huku juu kwa baridi. Hajawahi kuumwa na mbung'o. Lambwe hashuki. Utamzoesha wapi?"

"Kwa ndugu yangu Kerosi, Rongo. Kahawa nitampeleka huko."

Alidanganya. Tusizungushe. Kerosi hakuwa na nafasi ya kufunga hata kuku, na Damaris alijua hivyo akiwa bado kwa boma ya Gisiri. Alijiambia ni wiki tatu tu. Alijiambia Kahawa anaumwa na hizo nzi kila siku na bado anavuta.

Akamshukisha Chifu Lambwe.

Jirani yake Bathsheba, Mjaluo, ndiye alikuwa akiongoza ng'ombe mbele, Damaris nyuma na plau. Bathsheba hakuwa mtu wa kufunga mdomo. Alimwangalia Chifu akipiga mkia mbavuni akasema, "Nyar Kisii, binti wa Kisii, hii ng'ombe umeitoa wapi? Inashangaa nzi kama mzungu."

"Tembea mbele, wacha maneno."

Walikuwa wakiwasha mavi ya ng'ombe iliyokauka, moshi ifukuze mbung'o. Kulikuwa pia na mitego ya kitambaa ya buluu iliyowekwa bondeni kushika hizo nzi, lakini watu walikuwa wameikata wakashona pazia. Kwa hivyo ni moshi tu, na moshi huenda kwenye upepo unataka.

Lakini kulima, jameni. Chifu na Kahawa walizoeana haraka kuliko watu. Ukisema geuka, wanageuka na bega moja. Laini ikatoka imenyooka. Damaris alianza kulala vizuri.

Wiki ya tatu ilipoanza, Chifu akatoa machozi. Manyoya ikasimama. Akawa anakula na bado anakonda. Damaris akamwita Jeremiah, kijana wa baiskeli aliyekuwa akidunga ng'ombe za watu Lambwe yote. Jeremiah alifungua mdomo ya Chifu, akaangalia ufizi ule weupe, akafunga.

"Ni ugonjwa wa mbung'o, mama. Tumdunge leo."

"Dunga."

"Nikwambie kwanza. Ile dawa nyepesi imeisha. Niko na hii kali tu, inaingia kwa nyama ya shingo. Shingo itavimba. Nira hatavaa wiki mbili."

"Maonyesho ni Ijumaa."

"Najua."

"Huwezi kudunga mahali pengine? Nyuma?"

"Nyuma atachechemea. Utalima na ng'ombe inachechemea?" Jeremiah akapanguza mikono kwa suruali. "Na uvimbe ya hii dawa hukaa. Hata ikishuka, mtu akipapasa anapata."

Hapo ndipo kila kitu kilikuwa. Si Ijumaa peke yake. Gisiri angepapasa shingo. Mtu wa ng'ombe akirudishiwa ng'ombe, hiyo ndiyo kazi ya kwanza anafanya. Angejua ng'ombe yake ilishuka Lambwe.

Bathsheba akasema, "Nyaminwa, dada yangu, dunga huyu ng'ombe. Plau itakuja siku ingine."

"Siku ingine gani? Nyabuto anakuja mwisho wa mwezi."

"Ng'ombe ni ya mtu."

"Nimesikia." Damaris akamgeukia Jeremiah. "Kuja Jumapili. Jumapili utamdunga."

Jeremiah aliangalia Chifu, akamwangalia Damaris, akapanda baiskeli yake.

Walitembea mpaka Homa Bay polepole, wakimpumzisha Chifu njiani. Uwanjani wanaume walikuwa wamejipanga na jozi zao, na mmoja alipomwona Damaris na Bathsheba akapiga kelele, "Hawa mama wamepotea! Mashindano ya kupika iko upande ule!"

"Tumepika tukamaliza," Bathsheba akamjibu. "Tumekuja kukupakulia."

Watu wakacheka. Damaris hakucheka. Alikuwa anaangalia mbavu za Chifu zikipanda na kushuka, na hawajaanza.

Nilikuwa nataka kuwaambia Chifu alianguka katikati, mashindano ikaharibika, na Damaris akapata somo. Hapana. Chifu alivuta. Alivuta mpaka laini ya mwisho, miguu ikitetemeka kila akigeuka, na mate ikining'inia kama kamba. Laini ya Damaris ndiyo ilinyooka kuliko zote, na wazee wa kuhukumu walipima wakarudia kupima. Akapewa plau mpya, rangi nyekundu, hata mipini bado imefungwa na gazeti. Watu wakamshika mkono. Yule wa kupika pia akamshika mkono.

Damaris anasema mahali hapo ndipo alijua. Alipomfungua Chifu nira, hakusogea. Alibaki amesimama vile vile kama bado amefungwa.

Jumamosi asubuhi, njia ya kurudi, Chifu akalala kando ya barabara na hakuamka. Damaris, ambaye hata maji hachoti siku ya Sabato, alishika kisu ya kuchuna. Bathsheba alimwambia akae chini, yeye Mkatoliki atachuna peke yake. Damaris akakataa. Nyama waliwaachia watu wa hapo. Ngozi wakakunja na chumvi.

Kwa sababu sheria iko hivi, na ni ya zamani kuliko sisi wote: ng'ombe ya mtu ikikufia, unapeleka ngozi kwa mwenyewe. Akiangalia aone imekufa vizuri, anaipokea, na maneno yanaisha hapo; akiikataa, deni inabaki kwako. Ng'ombe hufa.

Damaris alifika Ntimaru amebeba ngozi. Gisiri hakupiga kelele. Aliitandaza chini, akapiga magoti, akapitisha kiganja polepole, mgongo, mbavu, mpaka shingo. Kwa shingo akarudia. Akarudia tena.

"Alikuwa mgonjwa wa nini?"

"Mbung'o, baba. Nilimshukisha Lambwe."

"Ulinidanganya."

"Nilikudanganya."

"Hiyo naweza kumeza. Baba yako pia alinidanganya kwa bei miaka mingi." Mkono wake ulikuwa bado kwa shingo. "Lakini hapa hakuna sindano. Mlikosa dawa? Niambie mlikosa dawa, mwanangu. Lambwe ni mbali, dawa hukosekana."

Alikuwa anamfungulia mlango. Damaris aliuona huo mlango vizuri kabisa, anasema mpaka leo anauona.

"Dawa ilikuwa," akasema. "Nilingoja mashindano."

Gisiri aliinuka, magoti yakilia. Akakunja ngozi mwenyewe, akaifunga vizuri na kamba yake, akamrudishia mikononi.

"Ngozi ya ng'ombe iliyokufa napokea. Hii haikufa. Kaa nayo."

"Baba, niko na plau. Mpya. Nitakuletea."

"Iletwe ivutwe na nani?" mzee akasema, akaingia nyumbani.

Damaris alingoja pale nje mpaka jua likamfikia miguuni. Mke wa Gisiri alitoka na kikombe cha uji, akampa, akangoja anywe, akachukua kikombe. Hakumwambia karibu tena.