Ndewe za Omong'ina

Mimi ni mpiga picha wa Keroka na sina tabia ya kuomba msamaha. Mteja akilalamika kwamba nimemnenepesha, humwambia kamera haili ugali. Lakini kuna bibi mmoja wa upande wa Kebirigo niliyemkosea, na nikimkumbuka mpaka leo naona haya.

Kiherehere changu kilianzia kwenye kitabu. Nilikipata Kisii kwa muuza vitabu kuukuu: kitabu kizito cha picha zilizopigwa Istanbul, Beirut na Yerusalemu katika miaka ya mwisho ya Dola ya Uthmania. Mlikuwa na miji mizima juu ya vilima, picha zimeunganishwa kipande kwa kipande, na watu studioni wakiegemea nguzo za uongo. Nilisoma maelezo kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Wale mafundi walipiga picha kwenye vioo, kisha wakainama na penseli iliyochongoka wakipunguza makunyanzi, moja baada ya jingine. Wengine waliweka kanzu na vilemba studioni, wakawavisha watalii wa Ulaya mpaka wakajiona masheikh. Nilicheka, halafu nikawahusudu. Nikamwagiza seremala nguzo ya mbao, nikaipaka rangi nyeupe, na majirani wakaniuliza kama nafungua kanisa.

Wa kwanza kukaa kando ya nguzo hiyo alikuwa yule bibi. Nilimwita omong'ina, kama tunavyowaita wanawake wazee kwa heshima. Aliletwa na binti yake, mwalimu mstaafu, aliyenieleza kuwa mama hana picha yoyote ila ya kitambulisho, nayo imefifia. Siku hizi kwetu hakuna mazishi bila picha ya marehemu juu ya jeneza, na mama mwenyewe ndiye aliyetaka yake ipigwe akiwa bado anaweza kukaa wima. Alisema hayo mama akiwa hapohapo, na mama akaitikia kwa kichwa.

Nilipokuwa napanga taa, omong'ina alivua kitambaa cha kichwa. Ndewe zake, zile nyama laini za chini ya masikio, zilikuwa zimetobolewa na kuvutwa tangu usichana, kama walivyofanya wasichana wa zamani, zikaning'inia karibu na mabega. Binti akamnong'oneza ajifunike, maana kanisani kwao mambo hayo yalikwisha kukatazwa. Mama akajitia hamnazo. Nikapiga.

Walipoondoka nikakaa kwenye kompyuta, nikajiona fundi wa Istanbul. Nililainisha mashavu. Nikafika kwenye masikio, nikamhurumia yule binti, nikamhurumia na mama mbele ya waumini wenzake. Nikaziziba zile tundu, nikazikata ndewe zikawa fupi, safi kabisa, kisha nikahifadhi kazi yangu juu ya picha ya kwanza. Hakuna aliyenituma.

Walirudi baada ya siku tatu. Binti alifurahi mno. Mama aliishika fremu akaisogeza mpaka karibu na pua.

"Mmempata wapi dada yangu?" akauliza.

Binti akamwambia, "Mama, huyu ni wewe."

"Huyu ni mdogo wangu. Yeye ndiye aliyepelekwa kwa wamisionari, hakutobolewa. Tulimzika zamani." Akanitazama. "Mwanangu, kwa nini umeniondoa?"

Mimi, mwenye mdomo wa kuwafokea hata makondakta, nilisimama pale nikipapasa mezani kama ninayetafuta kitu. Binti alitaka waichukue tu, mama akakataa hata kuibeba. Niliitafuta ile ya kwanza kwenye kompyuta nzima, nikijua fika kuwa nimeifuta kwa mkono wangu.

Wiki iliyofuata binti alinipigia simu. Mama alikuwa mgonjwa kitandani siku nne, hawezi tena safari ya Keroka, na humuuliza kila anayemtembelea ni nani atakayewekwa juu ya sanduku lake. Nilifunga studio saa nne asubuhi nikaenda Kebirigo.

Nilimwomba msamaha kitandani, kwa Ekegusii, nimepiga magoti. Aliomba atolewe nje. Tukamkalisha kwenye kiti, nyuma yake shamba lake la chai likiteremka mpaka mtoni. Binti ndiye aliyemvua kitambaa, taratibu, akazilaza zile ndewe vizuri begani. Nilipiga mara moja, nikamwonyesha mama kwenye kamera palepale, makunyanzi yote yakiwepo.

Aliangalia kwa muda mrefu. Akagusa sikio lake, akagusa lile la kwenye kioo cha kamera. Kisha akamgeukia binti yake, mimi nikiwa kama sipo.

"Nikifa," akasema, "mzikeni huyu."