Mnafu Aliokula Baba

Nilikuwa nimetoka Mbeya na binti yangu wa miaka mitatu kuja kuwasalimu wazazi wangu Kilolo. Mama ana bustani nyuma ya jiko, na kwake mboga haikai: inachumwa, inaoshwa, inaingia chunguni ikiwa bado inachuruzika maji. Siku ile alichuma mnafu haraka haraka, mvua ilikuwa inakuja. Akauchemsha, akamwaga maji ya kwanza kupunguza uchungu, akaunga kwa karanga za kutwanga na nyanya za pale pale.

Ilikuwa Kwaresima na Mama alikuwa amefunga. Baba, kwa sababu ya vidonge vyake vya presha, hakufunga. Akaandaliwa ugali wake, mimi nikiwa mtoni nafua.

Niliporudi nilimkuta anaomba maji. Akanywa kikombe, akaomba kingine. Nilipomshika mkono, ngozi ilikuwa ya moto na kavu kama karatasi. Mboni zake zilikuwa zimepanuka mpaka jicho lote likawa jeusi. Akawa anachuma vitu hewani, vitu ambavyo sisi hatuvioni.

"Dada," akaniambia, "ng'ombe wameingia kwenye mahindi na wewe umesimama tu!"

Dada yake alifariki kabla sijazaliwa.

Mama alidhani presha imepanda. Jirani yetu, aliyevutwa na kelele, alisimama mlangoni akasema kwa sauti ya chini, "Huyu wamemtupia kitu." Nikageuka kutazama alichokuwa amekula. Ndipo nikaona mezani, kando ya sahani tupu ya Baba, kijiko kidogo cha binti yangu.

"Mama, mtoto amekula?"

"Sijui, mwanangu. Nilikuwa nje napasua kuni. Unamjua babu yake anavyomlisha."

Nilimnyanyua mtoto kutoka mkekani alikokuwa amelala. Nikamfunua kope, lakini ndani mle mlikuwa na giza, sikuweza kujua ninachokiona. "Umekula mboga ya babu?" Akasema ndiyo. "Au hukula?" Akasema ndiyo.

Nikakimbilia bustanini, mvua ikininyeshea. Katikati ya tuta la mnafu kulikuwa na miche mingine, majani yake mapana yenye kingo za kukatika-katika, na baadhi ilikuwa imechumwa ncha. Nikaliponda jani moja. Likanuka vibaya. Mnanaha, ule mmea wa sumu unaotia watu wazimu! Tulipokuwa wadogo tulikatazwa hata kuyachezea maua yake meupe. Nikang'oa mche mzima na mizizi yake, nikaufunga kwenye ncha ya khanga.

Mume wa jirani alitupakia kwenye pikapu yake ya viazi. Wanaume wawili walimshikilia Baba, naye akipigana nao awafukuze ng'ombe wake. Barabara ilikuwa tope tupu. Kila mara mtoto alipofumba macho nilimtikisa. "Usilale, mama. Usilale." Akaanza kulia, na kilio kile kikanipa nguvu, maana anayelia yupo.

Katika kituo cha afya, daktari aliutazama ule mche, akamtazama Baba machoni, halafu akaniuliza, "Na huyu mtoto?"

Nikamsogezea mtoto. Akammulika kwa tochi. Mboni zikanywea. Akammulika tena jicho la pili.

"Huyu hajala. Na kama ameonja, ni kidogo sana. Tutakaa naye tumwangalie."

Nilikaa chini sakafuni, pale pale.

Baba walimtundikia dripu na kumfunga kitandani kwa shuka asijiumize. Aliongea na dada yake mpaka kesho yake mchana, akalala, akaamka na kuuliza ni nani aliyemvua viatu. Hakukumbuka kitu tangu alipomaliza kula. Mama, ambaye muda wote ule hakutoa chozi, ndipo alipolia.

"Ni mimi niliyechuma."

"Na mimi ndiye niliyeusifia," Baba akamjibu, sauti yake bado imekauka.

Mbegu, tulidhani baadaye, zilikuja na samadi aliyoletewa Mama kutoka kwenye zizi la mtu. Tuliporudi nyumbani Mama aling'oa tuta lote, mnafu na mnanaha pamoja, akaichoma moto. Jioni ile alipika majani ya maboga. Nilikuwa nimeyachagua mwenyewe, jani moja moja, na bado tulipozunguka sahani hakuna aliyetangulia kunyoosha mkono. Mama akakata tonge, akachovya, akala. Tukawa tunamwangalia anavyotafuna. Baba akavuta beseni na kunawa mikono tena, ingawa alikuwa ameshanawa.