Dada Wawili Juu ya Mto Moskva

Faina Yegorovna nimekaa naye mlango kwa mlango miaka mingi, na haya alinisimulia mwenyewe jikoni kwangu, koti lake bado mwilini. Alikuwa fundi wa lipu. Aliletwa Moskva ujanani pamoja na wasichana wengine wa vijijini, wakapewa vitanda bwenini na ndoo za saruji, na mpaka alipostaafu mikono yake ilikuwa imekauka kama gome. Hakuolewa. Kwao, upande wa Kostroma, alibaki dada yake mkubwa, Yevdokia, ambaye wote walimwita Dusya.

Dada hao hawakuwa wamegombana kwa maneno. Walitumiana salamu za mwaka mpya, basi. Mama yao alipofariki, majira ya baridi ile kali ambayo mabomba yalipasuka mji mzima, Faina hakwenda kuzika. Baadaye alituma telegramu fupi kwamba kazi ilimbana. Dusya alimzika mama peke yake, ardhi imeganda hata majirani wakalazimika kuwasha moto juu yake ndipo jembe liingie. Tangu siku hiyo jina la Faina halikutajwa tena katika nyumba ile.

Kisha Dusya akaugua. Hospitali ya mkoa ikamwelekeza Moskva, na Moskva hana mtu mwingine, ikabidi afikie kwa mdogo wake. Nilimwona ngazini siku aliyofika: mwanamke mnene aliyekuwa amepungua ghafla, ngozi imebaki kubwa kuliko mwili. Madaktari walimpima, wakaangaliana, wakamwambia arudi nyumbani akapumzike. Alielewa. Alitoka pale akamuuliza Faina kama treni ya kesho ina nafasi.

"Kesho ipo," Faina akamwambia. "Leo nataka nikupeleke mahali."

"Wapi? Kanisani?"

"Kwenye meli."

"Una kichaa? Mto umeganda!"

"Inapita hivyo hivyo."

Hata Faina hakuwahi kuipanda. Meli hizo ni za wageni na za wachumba. Lakini alimtazama dada yake amesimama kwenye theluji na begi lake la nguo, hajauona mji isipokuwa kwenye televisheni, akaona hawezi kumrudisha na sura ya hospitali peke yake machoni.

Walikaa ndani, karibu na kioo kikubwa, miguu ikipata joto. Meli ilipoanza kusogea kukatoka mlio chini yao, kama mtu anayekanyaga vyungu. Dusya akamshika mdogo wake mkono.

"Faina! Inavunjika!"

Mhudumu mmoja kijana akacheka. "Kinachovunjika ni barafu, mama. Meli yetu iko salama."

"Wewe cheka tu. Ikizama utanibeba?"

"Nitakubeba, mama."

"Mgongo wenyewe huo? Kaa mbali."

Kisha akafungua begi, akatandaza kitambaa mezani, akapanga mayai ya kuchemsha, matango ya chumvi na mikate midogo ya kabichi aliyoioka jikoni kwa Faina alfajiri. Kijana akainama, akasema kwa upole kwamba chakula cha nje hakiruhusiwi humu.

"Cha nje kipi?" Dusya akamuuliza. "Hiki kimetoka ndani ya begi." Akamtia mkate mmoja kiganjani. Kijana akatazama huku na huku, akaula amegeukia ukuta, na suala la chakula likaishia hapo.

Meli ikapita chini ya kuta nyekundu za Kremlin, ikapinda taratibu. Minara ilikuwa imevaa theluji upande mmoja tu, ule unaopigwa na upepo. Jua lilikuwa chini, rangi ya chai. Sauti ya mwanamke kwenye kipaza sauti ilikuwa ikieleza nani alijenga nini na mwaka gani. Dusya alisikiliza mdomo wazi, kisha akauliza:

"Na wewe umejenga jengo lipi hapa?"

"Hakuna."

"Miaka yote hiyo?"

"Ya kwangu yako nyuma huko, Dusya. Nyumba za watu kulala. Kutoka mtoni hazionekani."

Dusya akatikisa kichwa. Alimenya yai, akaliweka chini bila kulila. Faina anasema alijua swali linakuja, alilijua kwa jinsi dada yake alivyokusanya maganda yote pamoja kwa kidole.

"Basi niambie," Dusya akasema. "Kesho naondoka, na sirudi, unajua na mimi najua. Ile kazi ilikuwa kazi gani? Ukuta gani uliokuwa mkubwa kuliko mama?"

"Dusya, watu wanasikia."

"Wasikie. Mama alikuulizia mpaka pumzi ya mwisho. Nilimwambia uko njiani. Nilimdanganya mtu anayekufa kwa ajili yako."

Faina akatazama nje. Barafu ilikuwa ikipasuka mbele ya meli na kujipandisha pembeni, pande juu ya pande. Alikuwa ameibeba habari hiyo muda mrefu kiasi kwamba alidhani imekwisha kuwa jiwe, haiwezi tena kutoka.

"Nilikuwa hospitali," akasema. "Ya wazazi."

Dusya hakuelewa. "Ulikuwa unamuuguza nani?"

"Sikuwa namuuguza mtu. Nilikuwa nimejifungua. Kabla ya wakati. Telegramu yenu ilinisubiri bwenini, nikaikuta mama ameshazikwa."

"Umejifungua nini?"

"Msichana."

Sauti ya kipaza sauti iliendelea kusifia daraja. Dusya alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, kama aliyeitwa shuleni.

"Yuko wapi?"

"Aliishi usiku mmoja. Hawakunipa nimzike. Siku hizo walikuwa hawakupi, na mimi sikujua kama naruhusiwa kuomba."

"Na baba yake?"

"Dereva wa pale kazini. Ana mke. Bwenini wangejua wangenifukuza, na kijijini... unakijua kijiji. Nikasema kazi imenibana."

Faina alitegemea dada yake amwonee huruma, au amtukane. Dusya alipiga meza kwa kiganja, mayai yakaruka.

"Mjinga wewe! Mjinga! Ningekuja! Ningeacha ng'ombe bila kukamuliwa nikaja! Miaka yote hii nimekuchukia bure, nani atanirudishia?"

Watu wa meza ya jirani wakageuka. Mhudumu akaanza kusogea, akasita. Dusya akavuta ncha ya kitambaa chake cha kichwani akajifuta uso mpaka daraja likapita. Kisha akauliza kwa sauti ya chini sana:

"Ulimpa jina?"

"La mama. Agafia. Sikujua kwamba mama mwenyewe ameshakwenda."

Dusya akasimama. Akasema hapa ndani pana joto mno. Walitoka nje sitahani, nyuma, mahali ambapo hapakuwa na mtu kwa sababu ya upepo. Nyuma ya meli palikuwa na njia ya maji meusi, na vipande vya barafu vilikuwa vinarudi polepole kuifunga. Dusya alifungua koti lake, akamwingiza mdogo wake ndani ya ubavu mmoja wa koti, kama alivyokuwa akimfanyia walipokuwa wakienda shule. Wakasimama hivyo mpaka gatini. Faina anasema hakusikia baridi. Anasema pia kwamba aliogopa kupumua kwa nguvu, kwa jinsi mbavu za dada yake zilivyokuwa karibu.

Kesho yake nikagongewa mlango. Faina ananipa ufunguo, nimwagilie maua.

"Unakwenda wapi?"

"Kwetu."

Nyuma yake Dusya alikuwa anateremka ngazi huku akilalamika: "Nani kamwita? Nyumba yangu ndogo. Anakoroma huyu, majirani, anakoroma!" Lakini begi la Faina alilibeba yeye.

Faina alimuuguza kule kijijini mpaka theluji ilipoanza kulainika. Wiki za mwisho Dusya aliomba apelekwe kanisani kwa sileji ya jirani, ile ya kuteleza juu ya theluji. Alimtajia padri majina ya kuombewa: Agafia, na Agafia mtoto mchanga. Padri akauliza kama mtoto alibatizwa, maana asiyebatizwa haombewi hivyo. Dusya, ambaye Faina hakuwahi kumsikia akisema uongo mbele ya madhabahu, akamtazama padri machoni.

"Alibatizwa. Nilikuwepo."

Padri akayasoma majina yote mawili kwa sauti, na Faina akasikia binti yake akiitwa mbele za watu kwa mara ya kwanza.

Alirudi huku mwezi wa tano, Dusya ameshazikwa, ila alikuja kufungasha tu. Nilimwuliza atawezaje kuishi kule peke yake.

"Tumebaki watu wanne kijijini," akasema, akinywa chai yangu, "na mmoja hanisalimii. Wananitosha."