Taa Ilififia, Akalaumiwa Zuhura

Siku ile ya Kurasini, mwanangu, mpaka leo ikinijia kichwani naacha ninachofanya na damu inachemka upya. Nimezunguka sana nchi hii. Nimelala Lindi, nimelala Tunduru, nimeishi Kigoma, na hasira nyingi za ujanani nimeziacha huko njiani. Hii imekataa kubaki.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi Dar, nakaa kwetu Kiwalani. Mdogo wangu Zuhura alikuwa ameolewa Kurasini na Hamisi, kijana wa kutoa mizigo bandarini. Sebuleni kwao kulikuwa na tangi la samaki la vioo, limechukua karibu ukuta mzima, na ndani yake majani mabichi yanaota chini ya maji, na taa juu yake kwenye mfuniko. Hamisi alilinunua wiki ya harusi. Mgeni akiingia haangalii televisheni, anaangalia samaki. Mama yake Hamisi, Bi Mwanaidi, ndiye aliyekuwa akilitambulisha kwa wageni, kama vile mtu anavyomtambulisha mwanawe aliyesoma.

Basi miaka ikapita tangu ile harusi, na tangi likaanza kuharibika. Majani yakawa manjano, yakakatika yakielea juu. Vioo vikashika ukoko wa kahawia. Samaki wenyewe, waliokuwa wekundu wa kuwaka, wakaonekana kama wamefuliwa. Zuhura ndiye aliyekuwa akilisafisha na kubadilisha maji, kwa hiyo lawama haikwenda mbali. Bi Mwanaidi alianza kwa kusema Zuhura ana mkono mzito. Halafu akasema ana nuksi. Na kwa kuwa Zuhura alikuwa hajajaliwa mtoto, siku moja barazani, mbele ya majirani waliokuja kunywa kahawa, akasema maneno haya: "Huyu hata majani hayaoti mkononi mwake, seuze mtoto."

Nakuandikia maneno hayo kama yalivyosemwa ili uyajue. Mtu mzima aliyatoa kinywani, na watu wazima wengine wakayapokea wakiendelea na kahawa yao.

Haikupita muda tukaitwa kikao. Wito wa namna hiyo hauna siri: waliomuoa binti wanataka mje mmchukue. Upande wetu tulikwenda wawili, mimi na Baba Mkubwa Athumani, kaka yake marehemu baba. Njia nzima mimi nilikuwa napanga matusi. Tulipofika, shikamoo zikatolewa, viti vikasogezwa, na kando ya Hamisi alikaa Chande, fundi aliyelifunga lile tangi, ameitwa kuwa shahidi.

Bi Mwanaidi alieleza shida yake, na shida ilikuwa samaki. Nikangoja nisikie jambo kubwa zaidi. Halikuwepo.

"Maji nimeyapima, mazima. Chakula kizuri," Chande akasema. "Kwenye vifaa hamna ishu, wazee wangu."

"Na taa?" Baba Mkubwa akauliza.

"Hiyo LED, mzee. Haizeekagi hiyo. Ama inawaka, ama imekufa. Si unaiona inawaka?"

Zuhura alikuwa amekaa chini mkekani, karibu na mlango. Akaomba ruhusa ya kusema. Alikuwa akishona kofia za mkono, zile za vitobo vidogo vidogo. Bi Mwanaidi alikuwa na desturi ya kuzima taa za sebuleni jioni ili umeme wa luku usiende bure, akiacha ya samaki tu, kwa hiyo Zuhura alizoea kushonea pale, mgongo kwenye kioo.

"Nilivyoolewa nilikuwa naona kila kitobo," alisema. "Siku hizi sioni hata nilipochomeka sindano. Nikadhani macho. Nimekwenda kupima, wamesema macho mazima. Mchana uani naona vizuri kabisa. Ni pale tu kwenye taa ya samaki."

"Haya," Bi Mwanaidi akasema, "sasa hata uvivu wa kushona tuisingizie taa."

Hapo mimi nikasimama. Nikamwambia Zuhura akafunge nguo zake, tunaondoka. Baba Mkubwa hakuinua hata sauti. "Kaa," aliniambia. "Ukimtoa leo, kesho mtaa mzima utasema nuksi imeondoka. Utakuwa umewasaidia. Wewe hasira zako zinataka kwenda nyumbani, lakini jina la mdogo wako litabaki hapa." Nikakaa. Sijawahi kukaa kwenye kiti kigumu kama kile.

Kisha akamgeukia Chande. "Hii taa mliifunga lini?"

"Wiki ya harusi, mzee."

"Na inawaka saa ngapi mpaka saa ngapi?"

Hamisi ndiye aliyejibu. "Tangu tukiamka mpaka tukilala, baba. Mama hapendi wageni wakute tangi giza."

"Hakuna nyingine kama hii, tuziweke pamoja tuone?"

Zuhura akasema kwa sauti ndogo, "Ipo kabatini. Zilinunuliwa mbili."

Ilikuwepo kweli, mwanangu, katika lile kabati la vioo ambamo tunaweka vikombe tusivyonywea na sahani tusizolia. Imelala ndani ya boksi, nailoni yake haijaguswa, na Zuhura alikuwa akiifuta vumbi kila alipofuta kabati. Hamisi akanyanyuka kuichukua, na mama yake akamzuia.

"Msiifungue hiyo. Hiyo ya akiba."

Naomba usome tena hapo. Mkwe alikuwa anarudishwa kwao, kikao kimekaa, nguo zinataka kufungwa, na boksi la taa likaonewa huruma kuliko binti wa watu. Hilo ndilo linalonichemsha mpaka leo. Nuksi hata sitaki kuizungumzia.

Hamisi, nampa haki yake, siku hiyo alimpita mama yake akalichana boksi. Chande akaitundika taa mpya upande wa kushoto wa tangi, ile ya zamani akaisogeza kulia. Akawasha zote mbili, mapazia yakavutwa.

Nusu ya tangi ikawa mchana, nusu ikabaki magharibi. Samaki mmoja alikuwa anakatiza katikati, na alipoingia upande wa taa mpya akawa mwekundu vilevile kama siku ya harusi. Hamisi akaichukua kofia aliyokuwa akiishona Zuhura, akaiweka chini ya taa mpya, vitobo vikahesabika. Akaihamishia chini ya ile ya zamani, ikawa kitambaa cheupe tu.

Halafu Chande akakohoa. "Aah, hizi zinapunguaga mdogomdogo, hilo linajulikana. Hasa zikikaa na joto chini ya mfuniko. Majani yanakosa mwanga, yanakufa njaa."

"Linajulikana na nani?" Baba Mkubwa akamuuliza. Chande akaangalia simu yake.

Ndipo nyumba nzima ikaanza kucheka. "Kumbe taa!" Wakacheka kama watu waliookota kitu kilichopotea, na Bi Mwanaidi akaagiza chai iletwe. Na nani ailete? Zuhura.

Baba Mkubwa akamwambia Zuhura asinyanyuke. "Mkwe," alimwambia Bi Mwanaidi, "mmeichekea taa vizuri. Huyu mtoto hamjamwambia neno."

"Si yameisha, mzee Athumani? Mie nikajua yameisha."

"Ulisemea barazani, majirani wakasikia. Hayaishi humu ndani. Chai tutakunywa ukirudi."

Bi Mwanaidi alijifunga kanga, akatoka, Zuhura pembeni yake, sisi nyuma. Kwenye nyumba ya kwanza alizungukazunguka, akauliza hali ya watoto, akasifu maua. Baba Mkubwa akangoja. Mwisho akasema: "Lile neno nililosema juu ya mkwe wangu, nilisema uongo. Nimemkosea." Zuhura alikuwa anatazama chini. Nyumba ya pili aliinua uso. Ya tatu, yeye ndiye aliyebisha hodi.

Mwanangu, nasaha zangu ni hizi. Taa hizi huzeeka, asikudanganye mtu. Hazifi kwa kishindo, hupungua huku zikiwaka, na anayeziona kila siku ndiye wa mwisho kujua. Ukifuga samaki, usiwashe kutwa kwa ajili ya wageni, iache taa ipumue, futa chokaa ya maji kwenye kioo chake, na mara kwa mara ilinganishe na mpya. Mpya usiifungie kabatini ukaiita mali.

Lakini hata ukisahau yote hayo, hili shika. Kitu kikiharibika nyumbani, chunguza vitu kwanza, kabla hujamtazama mtu, na hasa kabla hujamtazama yule aliyekuja kwenu mgeni. Na ukigundua umekosea, usicheke ukaagiza chai. Nenda ulikosemea, useme tena, kwa sauti ileile.

Mungu akupe jicho la kuona kinachopungua taratibu, akupe mlango wasioogopa kuuingia watoto wa watu, na siku utakaposingiziwa, akuletee mtu wa kukaa na kuuliza maswali mpaka mwisho. Amina.