Kifaru, Panzi na Kompyuta ya Shemeji

Mdogo wa marehemu mume wangu mtaani wanamwita Brashi, na jina hilo amelitolea jasho. Kwa miaka ishirini na sita aliandika mabango ya maduka kwa mkono, na herufi zake zilinyooka kuliko tabia za baadhi ya wenye maduka. Zilipokuja mashine za kuchapa mabango, kazi ikamkaukia mkononi. Wengine wangekaa barazani kuilaani dunia. Yeye alijifunza kompyuta akiwa na miaka hamsini na mbili, akaanza kuchora nyumba ambazo hazijajengwa: unatazama kioo, unaingia mlangoni, unapanda ngazi, unaona jua likipita dirishani.

Kompyuta yake anaiendesha kwa mfumo uitwao Linux. Hilo nalieleza kwa sababu watu hudhani ni ubishi, au ni ukata. Studio nyingi hapa mjini zinachora kwa programu za wizi. Kila mtu anajua na hakuna anayeona haya. Brashi alisema hawezi kuandika jina la baba yake chini ya mchoro uliotengenezwa kwa kitu cha kuibwa. Linux ni bure na ni halali, na programu yake ya kuchorea vilevile. Nilimuunga mkono. Nyumba niliyoolewa haikuwahi kuingiza mali ya wizi, na haitaanza na kompyuta.

Mwaka huu, baada ya miezi kumi na minne bila kazi ya maana, shule moja ilimwagiza filamu ya dakika moja kuonyesha maktaba wanayotaka kuijenga. Bodi ya shule ingekutana Jumatano. Alhamisi kabla ya hapo, kadi ya picha, yaani kile kibao ndani ya kompyuta kinachochora kila unachokiona kwenye kioo, ikatoa harufu ya mpira ulioungua, ikafa.

"Shemeji," aliniambia akiwa amesimama mlangoni, "nikiikosa kazi hii, naenda kwa wachapaji wa mabango kuwaomba kazi ya kufagia."

Hakuwa akitania. Brashi akitania hucheka kwanza.

Mtaa wa kompyuta una maduka mawili yanayotazamana. Upande mmoja yuko Injinia, binamu ya Brashi na marehemu mume wangu, mtoto wa shangazi yao. Anauza kadi za aina moja tu, zile ambazo boksi lake lina picha ya kifaru. Ng'ambo yuko Mama Waya, ambaye kadi zake zina picha ya panzi. Wateja wamegawanyika kama mashabiki wa mpira. Ukiuliza ipi nzuri hujibiwi, unatangaziwa vita.

Mimi sikuuliza. Jioni ile ile nilimpigia Injinia nikamwambia kesho tunakuja kuchukua Kifaru. Marehemu alinunua kila kitu kwake, na damu ni nzito kuliko maji. Duka la ndugu lipo, halafu tuonekane tunavuka barabara mchana kweupe?

Brashi alijikuna kidevu. "Sawa, shemeji. Lakini rangi inayoshika kwenye bati si lazima ishike ukutani. Nitabeba kompyuta yangu, tuijaribu kadi kabla ya kuichukua."

Asubuhi tulipoiweka kompyuta juu ya meza ya duka, Injinia alitukunjia uso.

"Kaka, unanipima mimi?"

"Sikupimi wewe. Naipima kadi."

"Kifaru hapimwi, kaka. Kifaru anapisha nani? Anapishwa!"

Akaichomeka, akawasha. Kioo kikabaki cheusi. Kifaru, alitueleza, ana nguvu sana, ila hutaka draiva yake maalumu, yaani programu ya kuizungumzisha kadi na kompyuta, kutoka kwa waliomtengeneza, na Linux ya Brashi ilikuwa mpya kuliko hiyo draiva. Si neno, angeyamaliza kwa dakika tano. Akaandika amri, akazima, akawasha. Saa nzima ikapita. Fundi wake aliyekuwa akichomelea waya pembeni akasema, "Bosi, naona mnyama kaona wageni akajificha."

"Chomelea waya zako!"

Katika saa ya pili kioo kikawaka. Picha moja ya maktaba ikachorwa kwa dakika mbili, na Injinia akapiga meza kwa furaha hadi bisibisi zikaruka. Brashi akasema, "Zima, uwashe tena." Akazima. Akawasha. Giza.

"Rudisha Linux ya zamani," Injinia akasema, sasa akijifuta jasho.

"Nikiirudisha, programu yangu haitafunguka, na maktaba yote imo humo."

"Basi weka Windows. Ninayo hapa, nakupa bure."

"Umeipata wapi?" nikauliza.

"Ni ya... kuazima, shemeji."

"Kwa nani?"

Akatazama dari.

Hapo nikaona lile nililolifanya. Brashi hakunitazama wala hakutazama ng'ambo. Alikuwa ameinamia kompyuta yake, na nilijua ningesema tuchukue Kifaru hivyo hivyo angechukua, arudi nayo nyumbani, aikose kazi, ili tu neno langu lisianguke. Kwa mara ya kwanza niliona kulinda heshima ya nyumba ni kama kumkalia mtu shingoni.

"Injinia," nikasema, "neno nilitoa mimi, si yeye. Niliahidi jambo nisilolijua. Naomba unirudishie neno langu."

Injinia alinitazama, akamtazama kaka yake, kisha akachukua simu.

"Mama Waya? Nina mgonjwa hapa. Niletee Panzi mmoja. Ndiyo, mimi. Cheka tu, ukimaliza kucheka ulete."

Mama Waya alivuka barabara na boksi kwapani kama mtu aendaye harusini. "Jamani, Injinia kaniita mwenyewe! Andikeni tarehe!"

Hakuandika amri hata moja. Draiva ya Panzi, alisema, imo ndani ya Linux yenyewe. Alichomeka, akawasha, kioo kikawaka. Picha moja ikachukua dakika nne. Brashi akatoa kalamu: filamu ni picha elfu moja mia nne na arobaini, kwa hiyo siku nne, usiku na mchana. Tukianza leo saa nane, itaisha Jumanne saa nane.

"Kifaru angemaliza kwa siku mbili," Injinia akanung'unika.

"Akiamka," Mama Waya akajibu.

Brashi alizima na kuwasha mara tatu. Mara zote tatu kioo kiliwaka.

Injinia alitusindikiza hadi nje. Nikajiandaa kwa lawama. "Shemeji, ulidhani nitanuna?" akasema. "Kompyuta yenu ikawa inanirudia kila wiki na kioo cheusi, watu waseme Injinia kamuuzia ndugu yake ubovu? Bora Mama Waya anicheke leo, yaishe."

Siku nne kompyuta ilivuma sebuleni. Tulitembea taratibu, tukawasha taa moja tu, wajukuu wakakatazwa kugusa hata soketi za jikoni. Jumanne saa nane na robo Brashi aliitazama filamu nzima, akaitazama tena, kisha akalala kwenye kochi na viatu vyake.

Jumatano saa kumi simu ililia. Alisikiliza kwa muda mrefu, akisema "ndiyo, mwalimu" na "ndiyo, mwalimu", nami nimeshika fremu ya mlango.

"Wamepitisha," akasema. "Na wanataka nichore na bweni. Ila mlango wa maktaba hawaupendi. Wanasema uwe wa bluu."

"Mlango tu?"

"Mlango tu, shemeji. Unaonekana kwenye picha tisini. Ni kazi ya saa sita."

Kisha akacheka, na mimi nikacheka zaidi yake, mpaka wajukuu wakaja kuuliza kuna nini.