Mchungaji Aliyekwama kwa Yakobo

Kila Jumamosi, kule mjini Minya, Mchungaji Wasfi humsomea mkewe, Mama Raafat, mahubiri ya kesho huku mama akichambua maharage. Swali la mama ni lile lile: "Kristo yuko wapi hapo?" Iwe Walawi, iwe Ruthu, Wasfi hakosi kumpata Kristo humo.

Jumamosi hii alisoma jinsi Yakobo alivyomlilia mwanawe Yusufu, akaishia hapo. Raafat, mwana wao, hajapiga simu tangu apande boti ya kwenda Italia.

"Haya, Kristo yuko wapi?"

"Niache, Mama Raafat! Bado niko kwa mzee Yakobo."

Mama akaweka ungo chini. "Baba Raafat, hata Mungu alimtuma mwanawe mbali."

Wasfi akaifunga Biblia.

"Wake alirudi."